Hesabuni Pumzi, Musisikilize Kikohozi

Hotuba kwa wazazi, Mkunguni, mjini Lamu, tarehe 12 Novemba, Siku ya Nimonia Duniani. Imeandikwa na msemaji mwenyewe baada ya kuombwa na waliokosa kufika.

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mashekhe zangu, maustadhi, mama zangu na dada zangu, manahodha mulioacha boti gatini mukaja kunisikiliza, na nyinyi vijana muliokaa ngazi za ngome mukijifanya hamumo: nawasalimu nyote. Nimepewa dakika ishirini. Wanaonijua wanajua sijawahi kumaliza kwa dakika ishirini, kwa hivyo mwenye chungu motoni akaepue kabisa.

Mimi si daktari. Nilikuwa nesi miaka thelathini na kidogo, mingi ya hiyo katika zahanati za visiwani, na sasa ni bibi mwenye wajukuu saba. Nimekuja na swali moja. Mtoto anakohoa usiku. Utajuaje kwamba hiki ni kikohozi cha mafua, kitapita chenyewe, au ni nimonia, ile ambayo wazee wetu huita kichomi?

Nawasikia. Huyu mama asema akikohoa sana. Yule asema akiwa na homa. Bwana pale asema kifua kikikoroma. Nilitegemea hayo, na mimi mwenyewe ningesema hayo kabla sijafundishwa. Mtoto aweza kukohoa kikohozi cha kutikisa dari, na mapafu yake yakawa salama. Aweza kuwa na homa ya malaria, kifua chake kikawa safi. Na aweza kukohoa kidogo tu, kha, kha, kama anayesafisha koo, na huko ndani mambo yameharibika.

Pafu ni kama dodoki la kuogea: limejaa vijishimo vidogo vidogo, na vijishimo hivyo ndivyo vinavyopokea hewa. Nimonia ikiingia, vijishimo hujaa maji na usaha. Hewa haina pa kukaa. Sasa mtoto afanye nini? Hawezi kuvuta pumzi ndefu, kwa hivyo huvuta fupi nyingi. Anakimbiza pumzi. Hiyo mbio ndiyo dalili, na mbio huhesabiwa, haisikilizwi.

Hesabu yenyewe ni hii, na nitairudia mpaka munichoke. Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja, ni mbio. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano: 40 au zaidi. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Uhesabu dakika nzima. Usihesabu nusu halafu ukazidisha, kwa sababu mtoto mdogo hupumua kwa kurukaruka, mara mbio mara pole. Awe ametulia. Asiwe analia, asiwe ndio kwanza ametoka kunyonya. Akilala ni bora zaidi.

Kuna mama mmoja aliniambia, “Nesi, mimi huchanganyikiwa nikifika ishirini.” Ni kweli, usiku, mtoto mgonjwa, akili haikai. Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Akasema kuna simu ya mume na tasbihi ya mama mkwe. Basi! Simu iweke dakika moja. Tasbihi ishike mkononi, kila pumzi punje moja, macho yasitoke tumboni kwa mtoto. Tasbihi ya punje 99 ina kigawanyo kila baada ya 33. Mtoto wa mwaka na zaidi, ukivuka kigawanyo cha kwanza ukaenda punje saba mbele, umefika 40. Mtoto wa miezi sita, kigawanyo cha kwanza na punje 17, umefika 50. Kichanga, ukibakisha punje sita kufika kigawanyo cha pili, umefika 60. Dakika ikiwa bado haijalia, inua mtoto utafute boti. Nilimuuliza ustadhi kama kuna ubaya kutumia tasbihi hivyo. Alicheka, akasema kuhesabu pumzi alizojaaliwa mtoto na Mola wake hakumtoi mtu katika dhikri.

Sasa nitawaambia kisa ambacho huwa sipendi kukisema.

Nilikuwa kisiwani Pate, kijiji sitakitaja. Alfajiri moja niliamshwa kwa hodi. Mama, nyanya na nahodha, wote wamelowa mpaka kiunoni, na mtoto wa miezi saba amezongwa kwa leso. Siku ya kwanza mtoto alikohoa, ikasemwa kapigwa ni upepo, kaskazi imeingia, afunikwe. Siku ya pili ikasemwa ni kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, akaitwa fundi akamkata. Siku ya tatu mtu akanunua dukani dawa ya kikohozi ya watu wazima, akapewa vijiko viwili, akalala. Wote walifurahi kwamba amelala. Ilipofika usiku nyanya yake akasema, “Hunu mwana yuwavuta pumzi mbio.” Ndiye pekee aliyetazama tumbo. Wakateremka pwani saa nne za usiku, na maji yamekupwa. Boti imekaa matopeni. Wakangoja bahari irudi, wote watatu wamekaa ndani ya boti isiyokwenda, mpaka alfajiri.

Nilihesabu 74. Nikahesabu tena, nikapata 76. Midomo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Nilimchoma sindano niliyokuwa nayo. Hewa ya oksijeni sikuwa nayo. Tulimzika baada ya laasiri.

Yule nahodha alibaki pale nje ya zahanati, hakwenda kufungua boti. Aliniambia maneno machache tu: “Lau wangenambia jana laasiri, maji yalikuwa tele.”

Simlaumu mama. Yeye alifanya kila alichoambiwa, na aliambiwa na watu wengi. Lakini nyinyi ni watu wa bahari. Hakuna mtoto wa Faza au Kizingitini asiyejua leo ni bamvua, maji makubwa, au ni maji mafu, maji madogo, na saa ngapi mkondo utapitika. Boti ya abiria kutoka Kizingitini mpaka hapa mjini hula saa mbili na zaidi, na hiyo ni kama bahari imekubali. Ndiyo maana nasema, ukaaye mbali, usihesabu pumzi usiku baada ya kila kitu kushindwa. Hesabu asubuhi, hesabu adhuhuri, hesabu kabla maji hayajatoka. Daktari wa mjini akisema “mulete mapema”, kwetu mapema maana yake ni kabla ya kupwa.

Mbali na hesabu, kuna jambo jengine la kutazama, na hili halitaki saa. Mfunue nguo. Mtoto mzima akivuta pumzi, kifua na tumbo hutoka nje pamoja. Mwenye nimonia kali, pale mbavu zinapokomea, juu ya tumbo, panabonyea ndani kila anapovuta. Mukishaona mara moja hamutasahau. Ni kama kuna kamba inayomvuta kwa ndani. Huyo hangoji kesho. Na hangoji yule asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa ni degedege, au aliyelegea mpaka ukimwita hafungui macho. Kwa degedege najua maneno yatakayosemwa: ni nyuni, ni zongo, ni kijicho. Sikuja hapa kubishana na mtu. Mwenye kombe, yale maandishi ya Qur'ani yanayooshwa kwa maji yakanywewa, na aandikiwe kombe. Lakini kombe linywewe ndani ya boti, na kama mtoto hajatimiza miezi sita, alinywe mama yake.

Na kimio kiacheni. Kile kinyama cha kooni kina kazi yake, hakileti kikohozi. Kukikata kwa wembe kunaleta damu, usaha na pepopunda. Wako watu humu wamekatwa utotoni wakapona, nawajua, mmoja wao ni mume wangu. Waliokatwa wasipone hawako hapa kunijibu.

Tuje kwenye moshi, maana hapa ndipo tunapojidhuru kwa mikono yetu.

Tazameni nyumba zetu za mawe. Wazee waliozijenga jiko waliliweka wapi? Juu kabisa, chini ya makuti, moshi upande uende zake. Sisi tumefanya nini? Tumegawa nyumba moja kwa familia nne, tukashusha seredani, lile jiko la makaa, mpaka chumba cha ndani, chumba kisicho dirisha, kuta nene hivi. Halafu anazaliwa mtoto. Mzazi na kichanga wanawekwa humo humo siku arubaini, mlango umefungwa wasipate upepo, chetezo kinafuka ubani asubuhi na magharibi, makaa ya kukandia yako kando, na usiku tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma. Mimi mtu mzima nikiingia macho yanatoka machozi. Kichanga, ambaye pafu lake lote latosha kwenye kiganja, analala humo mwezi na siku kumi.

Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa majumbani karibu unazidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia. Sisemi mzazi asifukizwe, sitaki ugomvi na masomo, makungwi wetu. Nguo zifukizwe chumba chengine, ziletwe zikiwa zimenukia. Makaa yawashwe nje mpaka moshi uishe, mlango uachwe wazi wakati wa kukandwa, na kitoto kitolewe kwa nyanya yake barazani. Upepo hauui. Kaskazi haijawahi kumtia mtoto kichomi. Watoto huugua zaidi msimu wa baridi na mvua kwa sababu tunajifungia ndani pamoja, tukikoholeana usoni. Na nyinyi akina baba muvutao sigara juu ya kitanda cha mtoto, nawaangalia.

Chanjo. Hapa nitawapa habari njema, kwa sababu mumekaa na huzuni.

Mwaka 2001, mwaka ule ule mji wetu ulipoandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, Kenya ilianza chanjo ile ya pamoja inayokinga maradhi matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini ya B, na kidudu kiitwacho Hib. Hib ilikuwa ikileta nimonia kali na homa ya uti wa mgongo. Mimi niliijua kwa majina ya watoto. Ndani ya miaka mitatu hivi, watafiti wa KEMRI na Wellcome, mashirika ya utafiti wa afya, walio Kilifi, majirani zetu, walikuta maradhi makali ya Hib yameshuka hadi karibu asilimia 12 ya yalivyokuwa. Mwaka 2011 ikaja chanjo ya nimokoko, kidudu kinachoongoza kwa kuleta nimonia ya bakteria. Kilifi huko huko wakahesabu tena. Maradhi makali ya aina zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Hawa si watoto wa Ulaya. Ni watoto wanaokula samaki na wali kama wetu, wanaolala kwenye chandarua kama wetu.

Zote mbili huchomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Halafu surua miezi 9, na tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahauliwa, mtoto akishatembea mama huona kazi imekwisha. Surua ikimuua mtoto, mara nyingi humuua kwa kupitia nimonia, kwa hivyo sindano ya surua nayo ni sindano ya kifua. Mwenye kijitabu cha kliniki kilichobakisha sehemu tupu, aje tu. Asione haya kwamba amechelewa, na nesi akimkaripia aniambie mimi.

Nimonia bado inaua. Mwaka 2019 ilichukua zaidi ya watoto 740,000 wa chini ya miaka 5 duniani. Hapa Kenya, utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 41 hawafiki miaka 5. Utafiti wa 2014 ulikuta 52. Vifo vyapungua. Lakini katika hao 41, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Ndani ya arubaini. 

Mengine nitayapitia mbio. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji, bila uji, na bila asali. Asali ni dawa, lakini kwa asiyetimiza mwaka yaweza kuwa sumu ya kumlegeza viungo. Visima vyetu viko karibu mno na vyoo, kwa hivyo maji ya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa. Akihara, chumvi ya kuongeza maji, ile ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya pili. Na mafuta ya taa, tafadhalini, musiyatie kwenye chupa ya soda. Nimepokea watoto watatu walioyanywa wakidhani ni soda. Anayemkimbilia kwanza siku zote humtia kidole atapike, na hapo ndipo mafuta yanapoingia mapafuni na kuyachoma. Usimtapishe. Mlete vivyo hivyo, na chupa uje nayo.

Dawa. Nimonia isiyo kali hutibiwa kwa amoksisilini, vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji, asubuhi na jioni kwa siku tano. Siku ya pili mtoto ataanza kucheza. Mama atafurahi, ataficha vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mtoto wa jirani. Naijua kabati hiyo, hata kwangu ilikuwapo. Siku tano ni siku tano. Na baada ya siku mbili tatu mrudishe, akiwa nafuu au la, tumhesabu tena. Akizidi kuwa mbaya usingoje siku hizo. Kama ni mafua tu, hana mbio, kifua hakibonyei, basi hahitaji dawa hiyo kabisa. Mnyonyeshe, msafishe pua kwa maji ya chumvi, umhesabu tena jioni. Musimlazimishe nesi awape vidonge ili musirudi mikono mitupu.

Na wakubwa wa serikali mulioko hapa kwenye viti vya mbele, yenu ni haya. Zahanati moja niliyofanya kazi ilikuwa na mashine nzuri ya oksijeni. Ilikaa miezi kadhaa imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua, kwa sababu jenereta haikuwa na mafuta na hakuna aliyeandika barua. Tukimpa mama lawama kwa kuchelewa muda wa saa nane, na sisi tuulizwe kuhusu ile miezi. Kipimo kile kidogo cha kubana kidoleni kinachoonyesha oksijeni ya damu hakina bei ya kutisha. Kila zahanati ya kisiwani inakihitaji, pamoja na betri zake.

Nimezidisha muda. Jambo la mwisho ni la vitendo.

Nani ana mtoto aliyelala? Wewe mama wa leso ya kijani, njoo, njoo usiogope. Ana umri gani? Mwaka na miezi mitatu. Haya, kikomo chake ni ngapi? Hapana. Hapana. Arubaini, ahsante, binti yule ameshika. Kaa hapa kivulini umlaze mapajani, umfunue tumbo kidogo. Wenye tasbihi watoe tasbihi. Nyinyi wa kwenye ngazi, musogee muone, na mmoja aweke simu dakika moja.

Punda wa nani huyo? Ameshamshtua. Tungoje kidogo, mtoto aliyeshtuka hahesabiki.

Haya, ametulia. Macho tumboni. Bismillahi, anza.

Imelia simu? Basi. Mimi nimepata 27. Nyinyi? 28. 26. 27, ahsante. Kuna mzee pale nyuma amepata 45, nafikiri amehesabu na za punda. Mzee wangu, njoo mbele ukae karibu, tunarudia.